Kunyamaza si Subira

Katika darsa yetu ya Jumatatu, baada ya Sala ya Isha, ndugu mmoja alitueleza jambo lililotokea nyumbani kwao. Shangazi yake alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane. Wakampakia katika tuktuki wakamkimbiza kituo cha afya kilicho karibu, ambacho hatutakitaja jina. Wakakuta lango limefungwa. Bawabu akawaambia kuwa muuguzi wa usiku hayupo, na kuwa ni kheri waende hospitali kubwa. Kabla ya kufika huko mtoto akazaliwa njiani, mikononi mwa nyanya yake, kwa mwanga wa simu. Alhamdulillahi, mama na mwana wote wawili ni wazima.

Tulimwuliza ndugu yetu: "Mlikwenda kushtaki wapi?" Akajibu: "Hatukushtaki. Tumeshukuru na tumesubiri." Baadhi yetu wakamsifu kwa jibu lile. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Na lile tangazo lililobandikwa langoni mwezi uliopita, la kuwaita watu wa mtaa waje watoe maoni juu ya kituo kile na saa zake za kazi, ni nani kati yetu aliyelisoma akaenda?" Tukatazamana. Wengi wetu tulilisoma, wala hakuna hata mmoja aliyekwenda.

Swali la mzee huyo halikutuacha tangu usiku ule, na ndilo tunaloliandikia leo. Je, kunyamaza kwetu mbele ya matibabu yenye kasoro ni ile subira inayosifiwa, au ni wajibu tulioutupa kisha tukauvisha nguo ya subira?

Twasema kwanza kwamba subira ina mahali pake. Mtu husubiri kwa jambo ambalo hana hila nalo: maradhi yaliyompata, mtoto aliyefariki baada ya kila juhudi kufanywa, uzee unaomdhoofisha mzazi wake. Hayo ni makadirio ya Mwenyezi Mungu, na kuyanung'unikia hakuleti faida. Lakini lango lililofungwa halikufungwa na makadirio peke yake. Kuna mtu aliyepanga zamu, kuna mwingine aliyeidhinisha mishahara, na kuna mtaa mzima uliojua kuwa kituo kile kina muuguzi mmoja tu wa usiku ukanyamaza. Mwenye kusema "nimesubiri" katika jambo kama hili huwa amesubiri kwa niaba ya mwanamke mwingine atakayefika langoni wiki ijayo, naye hakumpa ruhusa hiyo. Wazee wetu wamesema: mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya kituo cha afya nayo ni maradhi. Tukiyaficha, kifo kitakachoyafichua huenda kikawa cha mtoto wa jirani.

Wako watakaotujibu: "Sisi si madaktari. Tutasema nini mbele ya watu waliosoma?" Jibu hili lina adabu ndani yake, na kwa sehemu ni la kweli. Lakini tuyatazame yaliyopita katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra. Wanahistoria wa Sira wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipoteremsha jeshi mahali fulani, sahaba Hubab bin Mundhir alimwendea akamwuliza kama mahali pale ni amri iliyoshuka kutoka kwa Mola, isiyofaa kusogezwa, au ni rai na mbinu za vita. Alipoambiwa kuwa ni rai, akashauri jeshi lisogee mbele penye visima. Na shauri lake likafuatwa.

Tulitie maanani swali lile. Hubab hakushindana na wahyi. Aliuliza kwanza jambo lile ni la namna gani, kisha akasema analolijua. Na sisi tukienda hospitalini yatupasa tuulize vivyo hivyo: hili ni elimu ya tiba, au ni mpango tu? Kipimo cha dawa ni elimu ya daktari. Kumpasua mgonjwa au kutompasua ni elimu yake, baada ya kumweleza mwenyewe na kupata idhini yake. Lakini saa ya kufungua lango si elimu ya tiba. Pazia baina ya kitanda na kitanda, ili mwanamke asifunuliwe mbele ya wapitao, si elimu ya tiba. Mahali pa kukaa pa wazee wanaongoja tangu alfajiri, maji ya choo, lugha atakayoelezwa mgonjwa namna ya kunywa dawa zake, karatasi ya malipo inayosomeka, njia ya kumpitisha asiyeweza kupanda ngazi: yote haya ni mipango, na anayeijua zaidi ni yule anayeumia kwayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari bingwa anaweza kuyajua maradhi ya figo kuliko mji mzima, wala asijue kuwa mgonjwa wa figo hakuja kwa sababu gari la kwanza kutoka kijijini kwake hufika baada ya namba kwisha kugawanywa.

Wako wengine ambao hoja yao ni nzito zaidi. Wao wasema kuwa watu wengi hawana maarifa. Wakipewa sauti watadai majengo ya fahari na kusahau chanjo, au watafuata kelele za mwanasiasa. Hatukanushi kuwa hayo hutokea. Watu wamewahi kutaka hospitali mpya katika kila wadi, hali zahanati walizo nazo hazina mfanyakazi. Lakini je, kukosea kwa watu ni sababu ya kuacha kuwauliza? Hapa twakumbuka vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipendelea kubaki Madina, lakini wengi, na khasa vijana, walitaka kutoka, akatoka nao. Waislamu walipata msiba mkubwa, na mashahidi wao wapata sabini. Ingelikuwa ni hukumu yetu sisi, pengine tungelisema kuwa mashauriano yamekwisha thamani yake siku ile. Lakini katika Sura ya Aal Imran, katika aya zilizoshuka baada ya msiba huo huo, Mtume aliamrishwa awasamehe, awaombee msamaha, na aendelee kushauriana nao katika mambo. Basi haki ya kuulizwa haikufungamanishwa na kupatia kila mara. Watu hujifunza kushauri kwa kushauriwa, kama mtoto ajifunzavyo kutembea kwa kutembea na kuanguka. Na aliyefungiwa ndani miaka yote asilaumiwe kwamba hajui njia.

Tukija kwa sheria ya nchi yetu, hatuwezi kusema kwamba mlango umefungwa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imesema katika kifungu cha 43 kuwa kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na imeitaja pamoja nayo haki ya huduma za uzazi. Kifungu cha 10 kimeuhesabu ushiriki wa wananchi kuwa moja katika misingi ya utawala, na kifungu cha 196 kimelilazimisha bunge la kila kaunti kuwashirikisha watu katika kazi zake. Tangu 2013 kaunti zote 47 ndizo zenye dhamana ya hospitali zao, vituo vya afya, zahanati na magari ya kuchukulia wagonjwa, na Serikali ya taifa ikabaki na hospitali kubwa za rufaa za taifa.

Tena sheria ya fedha za umma ya 2012 imeweka majira yanayojulikana. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa matumizi, si baada ya tarehe 28 Februari. Na makisio yenyewe, si baada ya tarehe 30 Aprili. Mwenye kulalamika mwezi wa Juni kwamba hakukutengwa mshahara wa muuguzi wa pili ni kama mkulima anayekwenda shambani na mbegu mvua zikiisha. Hakudhulumiwa na mvua. Na sheria nyingine ya 2023 imesema kuwa fedha zinazokusanywa katika hospitali za umma zibaki katika hospitali hizo zizifae zenyewe. Kwa hivyo swali la "Fedha zimetumikaje?" sasa lina mahali pa kuulizwa karibu na nyumbani, wala si lazima liende makao makuu lipotee huko.

Lakini sheria kuwapo si dalili kwamba sauti ipo. Tunao mfano hapa hapa Pwani. Mwaka 2004 Serikali ilipunguza malipo ya wagonjwa, yakawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya. Wananchi wakapata nafuu, lakini mapato ya vituo yakapungua. Basi kuanzia 2005 ukajaribiwa katika Mkoa wa Pwani mpango wa kuvipelekea vituo fedha moja kwa moja, zisimamiwe na kamati zenye wakazi wa mahali penyewe. Watafiti walipoutazama waliona kheri zake, na baadaye mpango wa namna hiyo ukaenezwa katika nchi nzima. Hata hivyo waliona pia kuwa, nje ya wale wanakamati, wakazi kwa jumla walikuwa na khabari chache mno za mpango ule. Kamati ilikuwapo, nao watu walikuwapo; kilichokosekana ni daraja baina yao. Na ni nani kati yetu leo awezaye kuwataja wanakamati wa zahanati ya mtaa wake? Tuwajua wachezaji wa timu za Ulaya kwa majina na namba zao, lakini mtu anayetusemea juu ya chanjo za watoto wetu hatumjui kwa jina wala kwa sura.

Wala asidhani mtu kwamba hii ni aibu ya nchi maskini tu. Huko Uingereza, nchi yenye matibabu ya umma tangu 1948, palikuwa na hospitali katika mji wa Stafford ambayo, baina ya 2005 na 2009, wagonjwa wengi walitaabika ndani yake kwa kutotunzwa: walioachwa na uchafu wao, na waliokosa wa kuwasaidia kula na kunywa. Jamaa za wagonjwa walisema, na kwa muda mrefu hawakusikilizwa, kwa sababu wakubwa walikuwa wakitazama hesabu za fedha na malengo waliyowekewa. Wakili Robert Francis aliyeongoza uchunguzi alitoa taarifa yake Februari 2013 yenye mapendekezo 290. Katika mambo aliyoyaeleza ni kwamba vyombo vya kuwasemea wagonjwa vilikuwapo kisheria wakati ule ule. Lakini vilikuwa dhaifu, tena vikashughulika mno na taratibu zao na mizozo yao wenyewe. Waliouamsha umma ni watu wa kawaida waliofiwa na wazazi wao wakakataa kunyamaza. Katika hilo lina mafunzo mawili: kuwa na kamati si sawa na kuwa na sauti, na hesabu nzuri katika karatasi zaweza kukaa pamoja na mgonjwa mwenye kiu.

Sasa tuseme neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu huenda wasilipende. Tukiitwa mkutanoni, ni nani huenda? Huenda wanaume, tena wazee, tena wale wale. Lakini tusimame langoni pa kituo chochote cha afya asubuhi tuhesabu wanaoingia: tutaona akina mama waja wazito, akina mama waliobeba watoto, na mabinti waliowashika mkono wazee wao. Wanaoijua zahanati hawamo mkutanoni, na waliomo mkutanoni hawaijui zahanati. Mkutano huitwa saa ya kupika, au mahali ambapo mwanamke hana pa kukaa, kisha husemwa kuwa wanawake hawakutaka kuja. Hali Qur'ani ina sura nzima, Al-Mujadila, inayoanza kwa khabari ya mwanamke aliyeleta mashtaka yake mbele ya Mtume akajadiliana naye, na Mwenyezi Mungu akatujulisha kuwa ameyasikia maneno yake. Ikiwa mashtaka ya Khawla bint Tha'laba yalisikiwa kutoka juu ya mbingu, sisi ni nani hata mashtaka ya shangazi wa ndugu yetu yasisikiwe katika ukumbi wa wadi?

Na hospitali si msikiti wetu peke yetu. Wanaolala vitanda vile ni Waislamu na Wakristo, wenyeji na waliokuja kutafuta riziki, wavuvi na walinzi wa usiku. Tukienda kusema, tusiseme ya jamaa yetu tu. Kumwombea jirani pazia la stara ni sawa na kumwombea dada yetu.

Bado pana jambo la ulimi. Watu wetu si mabubu. Husema sana, lakini husema mahali pasipotengeneza kitu. Barazani husema, katika vikundi vya simu husema, tena kwa kumtaja muuguzi jina lake na kumwongezea asiyoyafanya. Hiyo ni ghiba, na mara nyingine ni uzushi. Lakini wanazuoni, naye Imamu Nawawi ni mmoja wao, wamebainisha kuwa mwenye kudhulumiwa anaruhusiwa kupeleka mashtaka yake kwa mwenye mamlaka ya kuiondoa dhuluma, wala hilo si katika ghiba iliyoharimishwa. Tofauti yake ni kubwa. Barazani mtu husema ili moyo wake upoe. Mbele ya mwenye mamlaka husema ili jambo litengenezwe, kwa hivyo hulazimika kusema siku, saa, na yale aliyoyaona kwa macho yake, asizidishe wala asipunguze. Huo ni ushahidi, na ushahidi haufichwi.

Tarikhi yatuonyesha nguvu ya khabari moja iliyofikishwa panapofaa. Mwaka wa 319 wa Hijra, yaani 931, ilimfikia Khalifa Al-Muqtadir katika Baghdad khabari kwamba mtu mmoja wa kawaida amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamuru asitibu mtu yeyote illa aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit, na waliotahiniwa katika mji ule wakazidi 860. Marehemu yule hakuwa waziri wala tajiri. Lakini kuna aliyekataa kifo chake kiwe maneno ya barazani tu.

Nao wenye mamlaka wana lao la kuambiwa. Kumwita mtu kumwuliza rai yake baada ya jambo kwisha kukatwa ni kumfanyia mzaha. Kumpa makisio ya kurasa nyingi kwa Kiingereza, asubuhi ile ile ya mkutano, ni kumziba mdomo kwa karatasi. Na kusikiliza bila ya kurudi kueleza lililofanywa, na lililoshindikana kwa sababu gani, ni nusu ya kusikiliza. Watu hawachoki kusema. Huchoka kusema bila ya kujibiwa. Na akijibiwa kwa kweli kuwa fedha hazitoshi mwaka huu, mtu mwenye akili hukubali, kwani amehesabiwa kuwa mtu.

Baada ya darsa ile tulikwenda wanne, pamoja na mama mmoja wa mtaa wetu, kumwona mkubwa wa kituo kile. Tulikwenda tumejiandaa kulaumu. Bibi yule alituketisha, akatufungulia jalada lake. Muuguzi wa usiku alikuwa mgonjwa usiku ule, wala hapakuwa na wa kumshikia zamu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha andika barua mbili kuomba muuguzi wa pili, na barua zote mbili hazikujibiwa. Akatuambia kwa upole: "Nilipobandika tangazo lile nilitaraji mje. Barua yangu peke yangu ni barua ya mfanyakazi anayelalamika. Barua yenye majina ya watu wa mtaa ingekuwa ni jambo jingine." Tuliondoka pale vichwa vimeinama. Mtu tuliyemwendea kama mshtakiwa alikuwa akitungoja kama msaada.

Barua hiyo imekwisha andikwa. Imetiwa sahihi na watu wa mitaa mitatu, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, nayo imepelekwa kwa mwakilishi wa wadi na kwa idara ya afya ya kaunti. Kama itajibiwa au haitajibiwa, hilo hatuwezi kulidhamini. Tulilolikubaliana ni kuwa tutakwenda kuuliza kila mwezi mpaka tupate jibu, na kuwa tangazo jingine likibandikwa langoni litasomwa msikitini baada ya Sala ya Ijumaa, na akina mama watafikishiwa majumbani.

Twawaomba wasomaji wetu wa miji mingine wafanye mambo matatu mepesi. Wajue majina ya wanakamati wa kituo chao cha afya. Wajue tarehe za makisio kabla hazijapita. Na wakipatwa na kasoro, waandike waliyoyaona siku ile ile, kwa ukweli na kwa heshima, wayapeleke panapohusika. Na wakihudumiwa vizuri waandike pia, kwani muuguzi mwema naye ana haki ya kushuhudiwa wema wake.

Mtoto yule aliyezaliwa njiani amekwisha fanyiwa akika. Twamwomba Mwenyezi Mungu amkuze katika afya na taa, na atujaalie sisi tuliotangulia tusimwachie urithi wa lango lililofungwa na watu walionyamaa. Amin.